Sura ya Sita: Programu Yenye Mrithi

Kitendaguro ni kata ya Manispaa ya Bukoba, lakini ukishaacha barabara na kushika kijia, mji unapotelea nyuma ya migomba. Nyumba imekaa katikati ya kibanja, mibuni imejibanza chini ya kivuli, na ikifika Agosti ua hauna nafasi kwa turubai za kahawa iliyoanikwa. Agosti ya mwaka mmoja nilikaa kwenye ua wa namna hiyo, benchi moja na akina mama wanne na mzee mmoja wa kikundi cha wakulima. Kijana wa nyumba ile, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa programu, alikuwa ameweka kompyuta yake juu ya kigoda, waya wa umeme umepitishwa dirishani, akituonyesha mradi wake wa kumalizia chuo. Ulikuwa mfumo wa kuandika kahawa ya kikundi: nani kaleta, kilo ngapi, kwa bei gani, kalipwa kiasi gani. Chuoni walikuwa wameupa alama A.

Mama Katibu, ambaye ndiye mtunza daftari, alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe mzigo wake wa Juni. Kijana akaandika jina, akabonyeza, na jibu likaja papo hapo. Kilo 47, shilingi 159,800.

Mama Katibu akafungua kaunta buku lililokuwa mapajani, akalamba kidole, akafunua kurasa hadi Juni.

"Hapa pana 141,000, mwanangu. Hizi nyingine zimetoka wapi?"

"Bei imepanda, mama. Jana nimeingiza bei mpya, 3,400."

"Imepanda sasa. Mimi niliuza Juni, kwa 3,000. Nilipokea, nikasaini, hela ikaenda kwenye ada."

Kijana akatazama kioo, akamtazama mama, akarudi kwenye kioo. Nilimwona wakati ule ule alipoelewa, maana mkono wake uliondoka kwenye kibodi wenyewe.

Katika programu yake bei ilikaa mahali pamoja tu, kama kibao kilichotundikwa ukutani. Kila ukiuliza malipo ya mtu, programu ilichukua kilo zake ikazidisha kwa bei iliyoko kibaoni siku hiyo. Ukibadilisha kibao leo, umebadilisha na yaliyopita yote. Siku ya kutetea mradi mbele ya jopo bei ilikuwa moja na wakulima walikuwa watatu wa kubuni, kwa hiyo hesabu zikatoka sawasawa. Programu ile haikuwahi kuishi msimu hata mmoja kabla ya kufika Kitendaguro.

Kosa lenyewe ni la kawaida. Sijui mwandishi wa programu za fedha ambaye hajalifanya au hajalikuta kwenye kazi ya mwenzake. Kilichonishika mimi siku ile ni lile daftari. Nilimwomba Mama Katibu anipe nilitazame, akanipa kwa mikono miwili. Kurasa zilikuwa zimepewa namba kwa mkono, ili ukichanwa mmoja ijulikane. Kila mstari ulikuwa na tarehe yake, kilo zake, bei ya siku hiyo na sahihi ya mwenye mzigo. Mahali pamoja mwezi wa Julai mtu alikuwa ameandikiwa kilo 62 badala ya 26. Ile 62 haikufutwa. Ilikatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili isomeke bado, pembeni ikaandikwa 26, na chini yake zikawekwa sahihi mbili, ya katibu na ya shahidi. Na mwandiko wa kurasa za mwanzo haukuwa wake. Yeye ni katibu wa tatu. Wawili waliomtangulia walilianza daftari, wakaliacha mikononi mwake, naye aliendelea pale pale walipoishia.

Daftari lile lilikuwa na mambo yote ambayo kampuni nzuri za programu hulipa watu kuyafanya. Lina historia isiyofutika, lina namna ya kusahihisha bila kuficha kosa, lina jicho la pili juu ya kila badiliko, na lina makabidhiano. Kijana wetu alikuwa amesoma miaka mitatu, amefaulu, na hakuna siku hata moja aliyolazimishwa kufanya hata moja kati ya hayo. Silaumu akili yake. Nilichokiona pale uani ni jinsi tunavyowafundisha vijana wetu kutengeneza programu zisizo na mrithi.

Mimi nami nilimaliza chuo bila kuwahi kusoma msimbo wa mtu mwingine kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisoma yangu tu. Wiki ya kwanza kazini nilipewa programu yenye mistari maelfu, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama, na nikaambiwa nirekebishe kiasi kimoja kwenye risiti. Siku tatu nilizunguka ndani yake kama mgeni aliyepotea kwenye kibanja cha watu usiku. Nilikuwa najua kuandika, ila kusoma sikujua, na sikuwa nimeambiwa kwamba kusoma ndiko kungekuwa sehemu kubwa ya kazi yangu.

Maisha ya chuo yanajulikana. Asainmenti inatolewa Jumatatu, inakusanywa Ijumaa, ikishasahihishwa inakufa. Muhula unaofuata unaanza upya na faili tupu. Mwanafunzi anaandika peke yake, au wanaandika kikundi cha watu watano ambamo wawili ndio wanaofanya, na kazi inasafiri kwa flashi kutoka chumba hadi chumba. Ukiifungua flashi hiyo wiki ya mwisho utakuta mafaili yamepangana: mradi_mwisho, mradi_mwisho2, mradi_mwisho_kabisa, mradi_mwisho_huu_ndio. Nani kabadilisha nini kati ya la pili na la tatu? Kwa nini? Hakuna ajuaye, na likipotea lile sahihi hakuna pa kurudi.

Ugonjwa huo wa mafaili una dawa, na dawa yenyewe ina historia inayofaa kufundishwa pamoja nayo. Aprili 2005 watu waliokuwa wakijenga kiini cha Linux, mamia ya watu waliotawanyika duniani, walipoteza ruhusa ya kutumia bure chombo walichokuwa wakitunzia historia ya msimbo wao. Linus Torvalds akakaa chini, na ndani ya siku chache akawa na chombo kipya kilichoweza kutunza hata historia yake chenyewe. Akakiita Git. Leo ni vigumu kupata kampuni ya programu isiyokitumia. Kila badiliko linaandikwa nani kalifanya, lini na kwa sababu gani, na unaweza kurudi kwenye hali ya siku yoyote iliyopita. Wanafunzi wengi wanaijua habari hiyo. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya Julai mwaka ule ule, ambapo Torvalds alikabidhi utunzaji wa Git kwa Junio Hamano, na Hamano ndiye aliyekilea kwa miaka mingi iliyofuata. Kazi iliyozaliwa Aprili ilikuwa na mlezi mwingine kabla ya Agosti. Iliwezekana kwa sababu ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo kama kitu ambacho mtu mwingine atakishika.

Jina lenyewe la fani, uhandisi wa programu, lilivuma kutokana na mkutano wa Oktoba 1968 huko Garmisch, Ujerumani. Wataalamu wapatao 50 walikutana kwa sababu mambo yalikuwa yanawashinda. Mashine zilikuwa zinakua kwa kasi, programu zinachelewa, zinazidi gharama, na zikifika hazifanyi kazi iliyoagizwa. Walichagua neno uhandisi kwa makusudi, wakitaka kazi ya programu iwe na nidhamu kama ya mjenga daraja, ambaye hawezi kuwaambia watu wavuke kwanza ndipo ajue kama litabeba.

Tanzania nayo ilikuwa ndani ya shida hiyo hiyo, na ningependa kila mwanafunzi wetu wa kompyuta aijue hadithi hii. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Katika miaka hiyo serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na jaribio likashindwa. Wataalamu wa nchi walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, gharama zikapanda, na mwisho serikali ikarudi kwenye njia yake ya zamani ya kutunza hesabu. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980.

Watu huieleza marufuku ile kama woga wa teknolojia. Mimi naisoma tofauti. Nchi changa iliweka fedha zake kwenye mfumo ambao haukuwa na wananchi wa kutosha walioweza kuufungua, kuuelewa na kuurekebisha baada ya wageni kuondoka. Mfumo haukuwa na mrithi. Fedha iliyopotea iliuma, lakini miaka iliyofuata iliuma zaidi, maana kizazi kizima cha vijana wenye vichwa vya hesabu kilikua bila kugusa kompyuta.

Kurithi nako kuna hatari yake, na hili ni lazima liende pamoja na lile. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Guiana ya Ufaransa. Sekunde chini ya 40 baadaye ilipinda, ikavunjika na kulipuka. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilikuwa imerithiwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Ndani yake palikuwa na namba moja inayohusu mwendo wa kwenda upande, iliyohamishwa kutoka chombo kikubwa kwenda chombo kidogo. Kwa mwendo wa Ariane 4 haikuwahi kufurika. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi nyingine, namba ikazidi chombo, mtambo wa uongozi ukazimika, na wa akiba ukazimika vile vile kwa kuwa ulibeba msimbo ule ule. Programu ilirithiwa bila kuulizwa upya: ulitengenezwa kwa safari ipi?

Majuma mawili kabla ya roketi ile, Mei 21, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Meli ya kubeba abiria 430 ilikuwa na watu wengi kupita hapo, na orodha kamili ya waliopanda haikuwepo. Ndiyo maana hadi leo waliokufa hutajwa kwa makadirio, zaidi ya 800, na zipo familia huku kwetu ambazo ndugu yao hakuwahi kuwa na jina popote kwenye karatasi. Silinganishi msiba huo na programu ya kahawa. Nautaja kwa sababu mtu wa Bukoba hahitaji kufundishwa kwamba kuandika jina la kila mtu ni heshima kwa uhai wake. Kijana anayejenga mfumo wa tiketi za meli, wa dawa za hospitali au wa mikopo ya wanafunzi anapaswa kukaa darasani na wazo hilo tangu mwaka wa kwanza.

Buhaya, yaani nchi hii ya Wahaya, ina somo lingine, la zamani zaidi, na nalipenda kwa sababu linagusa swali la chuo moja kwa moja. Maeneo ya pwani ya Ziwa Victoria, kuzunguka Kemondo na Katuruka, yana mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science maelezo ya ufundi huo uliowashangaza wengi: mirija ya udongo iliyoingia ndani kabisa ya tanuru, hewa ya mivukuto ikipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa, na nyasi za kinamasi zilizochomwa chini ya tanuru zikikipa chuma kaboni yake. Ili kuelewa, watafiti waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru na kuyeyusha chuma tena. Wazee hao walikuwa wameiacha kazi hiyo miongo kadhaa iliyopita, chuma cha dukani kilipoingia. Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri. Walikumbuka sura ya kazi, lakini vipimo vilikuwa vimewatoka mikononi, ikabidi wajaribu, wakosee, wajadiliane na wajaribu tena hadi chuma kikatoka.

Hapo ninaona mambo mawili. Kwanza, ujuzi unaokaa mikononi tu huisha mikono ikipumzika, hata kama ni ujuzi mkubwa kiasi hicho. Pili, wazee wale waliupata tena kwa kufanya kazi yenyewe pamoja, moto ukiwaka, kila mmoja akisema alichokumbuka na mwenzake akimrekebisha. Hakuna aliyewafungia chumbani saa tatu na karatasi ya maswali. Sisi tunapima uhandisi wa programu kwa mtihani wa kuandika. "Taja faida tano za kupima programu." Kijana anazitaja zote tano, anapata alama zake, na hajawahi kuandika jaribio hata moja.

Inawezekana kufundisha vingine, na mfano upo hapa hapa nchini. Takwimu za vituo vya afya Tanzania, zile ambazo muuguzi huzijaza kwenye vitabu vya MTUHA kila mwezi, hupita kwenye mfumo unaoitwa DHIS2. Mbegu yake iliota Afrika Kusini baada ya 1994, ikalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Oslo na Wizara ya Afya kuurekebisha ufae nchi yetu, na kufikia 2013 ulikuwa umeenea nchi nzima. Walioufanyia kazi pale chuoni hawakuanza na faili tupu. Walikuta nyumba inayokaliwa. Ilibidi wasome kwanza, waulize, watoe badiliko dogo, na badiliko hilo lingeonekana kwenye kompyuta ya mganga wa wilaya ambaye hajui majina yao na anayesubiri ripoti ya malaria. Oslo kwenyewe wamekuwa na somo ambalo wanafunzi hujenga vipande vyao juu ya mfumo huo huo unaotumika.

Kenya wana kisa kama hicho. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, ikaonekana mfumo ule mdogo usingeweza kubeba mzigo, na kutokana na somo hilo ikazaliwa OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret 2006 na sasa imefika nchi nyingi. Walioianzisha waliheshimu mfumo wa kwanza kiasi cha kuusoma hadi kujua unashindwa wapi.

Wahadhiri niliozungumza nao kuhusu jambo hili huniambia: darasa lina wanafunzi 200, nani atasoma msimbo wa wote? Hoja ni ya kweli na sitaki kuipuuza, maana mhadhiri mmoja hawezi. Lakini kazini hakuna bosi anayesoma kila mstari. Wenzako ndio wanaosoma, na wanafunzi 200 ni wasomaji 200. Mpe kila mmoja kazi ya wenzake wawili aikague kwa maandishi, aseme wapi haelewi, wapi patavunjika, na umpe alama kwa ubora wa ukaguzi wake kama unavyompa kwa ubora wa msimbo. Atajifunza mambo mawili kwa mpigo, kusema kosa la mwenzake bila kumvunja moyo na kuambiwa kosa lake bila kununa. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi katika fani yetu kuliko hilo la pili.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini: ukiwaruhusu kurithi kazi ya watu, si utakuwa umehalalisha desa? Hapana. Anayedesa anamficha mwenye kazi. Anafuta jina, anabadilisha rangi ya vitufe, anaomba asiulizwe swali. Anayerithi anaanza na jina la mwenye kazi, na kila anachoongeza kina jina lake. Kwenye Git unaweza kuweka kidole kwenye mstari wowote ukaambiwa nani aliuandika na siku gani. Ukitaka kumkamata mwenye desa, historia ya namna hiyo ni shahidi mzuri kuliko mtihani. Msimbo uliotokea wote usiku mmoja, bila kosa, bila kurudi nyuma, unajieleza wenyewe. Na sasa ambapo mashine zinaandika msimbo kwa kuombwa, kila kijana amekuwa mrithi wa kazi ambayo hakuiandika, atake asitake. Anayejua kusoma, kupima na kuuliza ndiye atakayebaki na kazi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta kampasi yake Kagera, pale Itahwa, Karabagaine, kwa fedha za mradi wa elimu ya juu uitwao HEET. Nimepita pale, na nimewaza sana juu ya vijana watakaosoma huko na wale wa vyuo vingine vyote vya nchi. Kwenye shina moja la mgomba mkulima mzuri huacha mama, binti na mjukuu. Mama akikatwa, binti yuko tayari kuzaa. Ningependa kuona mradi mmoja wa chuo wenye sura hiyo. Mwaka wa kwanza wanaingia kama wasomaji: wanaandika maelezo, wanapima, wanaripoti hitilafu. Mwaka wa pili wanarekebisha. Mwaka wa tatu wanaongoza na kukagua, kisha wanakabidhi, na alama ya mwisho inatolewa miezi mitatu baadaye, kulingana na kama waliobaki wameweza kuendelea bila kuwapigia simu. Mradi wenyewe usiwe wa kubuni. Bukoba na Muleba kuna vyama vya msingi vya kahawa, kuna zahanati, kuna shule zenye stoo ya vitabu isiyojulikana ina nini. Mtumiaji wa kweli hufundisha mambo ambayo jopo halijui kuyauliza.

Kijana wa Kitendaguro alibaki nyumbani wiki tatu zaidi. Jambo la kwanza nililomwomba ni asiguse programu. Aandike kwanza jaribio, mistari michache inayosema hivi: mkulima auze kilo 47 kwa 3,000, bei ibadilishwe iwe 3,400, kisha malipo ya mkulima yaulizwe, na jibu liwe 141,000. Alitaka kuliita jaribio namba moja. Nikamwambia alipe jina ambalo mtu asiyemjua ataelewa likishindwa, akaliita bei_ya_juni_haibadiliki. Akaliendesha. Likashindwa, kama ilivyopasa, kwa maandishi mekundu: ilitarajiwa 141,000, imepatikana 159,800. Ndipo akaingia kurekebisha, kila mzigo ukabeba bei yake ya siku. Jioni ile jaribio lilipogeuka kijani alimwita mama yake aje kutazama, na mama akaja, mikono ina unga, akatazama.

Kisha akampelekea Mama Katibu, ambaye aliuliza swali ambalo sikulifikiria mimi wala yeye. "Na kilo zikikosewa?" Programu ilikuwa na kitufe cha kufuta. Ukikosea, unafuta, unaandika upya, hakuna atakayejua. Mama Katibu alikataa kabisa. Aliweka kidole kwenye ile 62 iliyokatwa mstari na kusema hivi ndivyo wanavyofanya, na kama kompyuta haiwezi, wao watabaki na daftari. Kijana akaondoa kitufe. Mahali pake akaweka sahihisho, linaloacha kosa lionekane, linadai sababu, na linasubiri mtu wa pili athibitishe. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa, na majaribio yakafika 31.

Alipokaribia kuondoka walitafuta wa kumwachia programu. Akapatikana binti wa jirani anayesoma stashahada ya kompyuta. Kijana alikuwa ameandika faili liitwalo SOMA KWANZA, ukurasa mzima, na nilimsihi asikae karibu naye binti atakapolifuata. Tukaketi mbali kidogo, chini ya mwembe, yeye akiminya vidole. Binti alifika hatua ya tatu akakwama. Programu ilikataa kufunguka, kwa sababu ilihitaji hifadhidata iundwe kwanza, na kijana, ambaye kwenye kompyuta yake ilikuwapo tangu mwaka jana, hakukumbuka kuiandika. Alinyanyuka aende kumwambia. Nikamshika mkono. Zikapita dakika kama 20, binti akisoma ujumbe wa kosa, akirudi kwenye msimbo, akijaribu. Mwisho programu ikafunguka.

Hakutuita. Alirudi kwanza kwenye SOMA KWANZA, akaongeza mstari mmoja kati ya hatua ya pili na ya tatu, akauhifadhi kwenye Git kwa jina lake, na chini akaandika sababu: "Nimekwama hapa, atakayefuata asikwame."